Rudi Jumapili Ijayo: Kupiga Picha Mitaa Isiyotazamwa ya Thika na Ruiru

Ukitafuta picha za Thika mtandaoni utaletewa maji. Utaona maporomoko ya Chania kando ya hoteli ya Blue Posts, utaona Fourteen Falls ya mto Athi, ambayo iko mbali kidogo na mji wenyewe, kisha safu za mananasi zinazokwenda hadi macho yachoke. Ukitafuta Ruiru utapewa nyama choma ya Kamakis na majengo mapya ya Tatu City. Basi. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji wa Ruiru wakazi zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Watu wote hao huamka, hununua mkate, huanika nguo, hugombana na mwenye ploti kuhusu maji, na ni wachache mno waliowahi kuona kwamba mambo hayo yanastahili picha.

Makala haya ni ya anayetaka kuyapiga picha mambo hayo. Haidhuru una kamera ya maana au simu ambayo kioo chake kimepasuka pembeni. Ninachokushauri ni kimoja, na mengine yote yanakifuata: chagua mahali padogo, kisha uwe unarudi hapo hapo.

Wenye umri wa kutosha wanamkumbuka mpiga picha wa mtaani wa kabla ya simu. Alikuja Jumapili watu wakitoka kanisani, kamera shingoni, akawapanga mbele ya ua au gari la jirani, akachukua sehemu ya pesa na kuandika majina kwenye daftari. Filamu aliipeleka kusafishwa mjini. Jumapili iliyofuata alirudi na bahasha ya picha, akazunguka mlango kwa mlango kudai salio. Mtu huyo alikuwa na nidhamu ambayo sisi wenye simu tumeikosa, na aliipata kwa sababu ya njaa tu: asiporudi, halipwi. Na kwa kuwa alirudi, alijua nani ameolewa, nani amehama, mtoto gani ameanza kutembea. Alijua pia nani hapendi kupigwa picha. Hakuna shule ya upigaji picha inayofundisha jambo kubwa kuliko hilo.

Anza basi kwa kuchagua mahali. Usiseme unapiga picha za Thika; Thika ni kubwa mno na utaishia kukusanya vipande visivyojuana. Chagua kichochoro kimoja Makongeni, au mistari miwili ya nyumba mtaa wa Biafra, au upande mmoja wa soko la Jamhuri. Kwa Ruiru chagua Kihunguro karibu na unakoshukia matatu, au Gwa Kairu, au Kimbo pale jioni barabara inapogeuka soko. Pawe mahali unapoweza kupatembea kutoka mwanzo hadi mwisho kwa nusu saa bila haraka. Na pawe na sababu nyingine ya kukupeleka: kinyozi wako yuko hapo, shangazi anaishi hapo, unapita hapo kwenda kazini. Anayekwenda mahali kwa ajili ya picha peke yake huacha kwenda mvua ikianza kunyesha.

(Hiyo Biafra ya Thika ina jina la vita vya Nigeria, na ni katika vita hivyo, mwaka 1968, ndipo alipouawa Priya Ramrakha, mpiga picha wa Kenya aliyekuwa amefika kwenye kurasa za magazeti makubwa duniani. Sijui ni wangapi wanaoishi Biafra yetu wanaolijua jina lake. Linastahili kujulikana na kila anayenunua kamera katika nchi hii.)

Ukishapata mahali, swali ni utazame nini. Wanaoanza huvutwa na cha ajabu: mkokoteni uliojaa kupita kiasi, mlevi, ukuta wenye maandishi ya kuchekesha. Piga hivyo, uvimalize, halafu anza kazi. Kazi yenyewe ni kuangalia kinachobadilika taratibu kiasi kwamba wenyeji hawaoni kikibadilika, na katika miji hii miwili kinachobadilika zaidi ni ardhi.

Ruiru ilikuwa kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapo hapo, na aina ya kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu ya uwezo wake wa kuhimili chulebuni na kutu ya majani, imelibeba jina la mji huu mpaka mashamba ya mbali. Leo mashamba mengi ya kahawa ya hapa yamekatwa ploti za futi 50 kwa 100. Simama mahali shamba linapokutana na ploti na utaona historia nzima kwa jicho moja: mistari ya mibuni, kisha vigingi vyenye rangi nyekundu, kisha msingi uliochimbwa, kisha ghorofa la nyumba za kupangisha lenye nguo kwenye kila roshani. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, safari ya Nairobi ikawa fupi na wapangaji wakaja. Hakuna picha moja inayoweza kueleza hilo. Picha tano zilizopigwa mahali pamoja kwa miaka miwili zinaweza.

Tazama pia kuta. Utakutana na ukuta wa mawe uliopakwa maandishi makubwa mekundu: SHAMBA HILI HALIUZWI. Mgeni hucheka. Mwenyeji anajua kwamba maandishi hayo yapo kwa sababu kuna matapeli wanaouza shamba la mtu akiwa kazini, kisha mnunuzi huja na matingatinga na hati ya uongo. Piga ukuta huo pamoja na kilicho nyuma yake, maana maandishi peke yake ni kichekesho, lakini maandishi pamoja na nyumba ya mabati ya mzee aliyekataa kuuza, ikiwa imezungukwa na ghorofa pande tatu, ni habari kamili.

Mawe yenyewe yana la kusema. Mengi ya yale ya kijivu unayoyaona yamechimbwa Ndarugo, karibu na Juja, kati ya miji hii miwili. Angalia ubavu wa ghorofa: mbele limepigwa plasta na kupakwa rangi ya maembe, ubavuni limeachwa mawe matupu, kwa sababu mwenye nyumba anatarajia jirani naye atajenga na kuufunika. Udongo nao hutofautiana. Upande wa magharibi, kuelekea milima ya Kiambu, ni mwekundu. Mashariki, kuelekea tambarare za Athi, ni mweusi unaonata na kumvua mtu kiatu. Msimu wa mvua, angalia alama ya matope chini ya kuta na kwenye viatu vya wanafunzi, na utajua picha ilipigwa upande gani hata bila kuambiwa. Vitu vya namna hii ndivyo vinavyofanya picha iwe ya Ruiru na isiwe ya mahali popote penye matope.

Thika ina jambo lake, nalo ni viwanda. Mafuta ya kupikia ya Bidco, mananasi ya Del Monte, mikate ya Broadways, nguo za Thika Cloth Mills, magari yanayounganishwa KVM. Wapiga picha wengi hutaka kuingia ndani, wakaandika barua, wakasubiri jibu lisilokuja. Kuingia ni kuzuri ukiruhusiwa, lakini kwa mradi wa mtaa si lazima. Kinachofaa zaidi ni kile ambacho kiwanda hukitoa nje ya geti: watu wa zamu ya asubuhi wanaotembea kwa miguu kutoka Makongeni na Kiandutu kabla jua halijakolea, mama anayewauzia chai na mandazi kando ya ukuta, madumu ya manjano ya mafuta ambayo yameisha kazi ya kiwandani na sasa yanabeba maji, yanakaliwa kama viti, yanakatwa na kupandwa sukuma wiki. Fuata dumu moja la manjano mtaani kwa asubuhi nzima. Utapata picha kumi nzuri bila kumsumbua bawabu yeyote.

Sasa mwanga, maana hapa ushauri wa vitabu vya Ulaya unatupotosha. Vitabu hivyo husema saa ya dhahabu, jioni ndefu ya majira ya joto yenye mwanga laini usioisha. Sisi tuko digrii moja tu kusini mwa ikweta. Jua hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu, hupanda wima, na ikifika saa tatu limeshakuwa kali. Jioni hushuka hivyo hivyo kwa ghafla. Saa yako ya dhahabu ni dakika chache. Zitumie kwenye kitu unachokijua tayari, mahali ulipokwisha kusimama siku nyingine ukajua kivuli kitaangukia wapi. Ndiyo sababu nyingine ya kurudi.

Ila usidhani mchana ni wa kutupwa. Adhuhuri, hasa Machi na Septemba jua linapokuwa utosini, ukingo wa mabati hutupa kivuli cha mawimbi kwenye ukuta ulio chini yake, na hakuna saa nyingine utakipata. Ndani ya kibanda, mtu aliyekaa hatua mbili kutoka mlangoni huangazwa na mwanga uliogonga ardhi nje na kurudi. Ardhi ikiwa nyekundu, uso wake hupata joto ambalo hakuna taa ya studio italitoa. Mwombe asogee kidogo karibu na mlango, asitoke nje.

Halafu kuna Juni mpaka Agosti. Watu wa Thika na Ruiru wanaujua ubaridi huo na mawingu ya kijivu yanayokaa kutwa. Wapiga picha huweka kamera kabatini. Wewe itoe. Bernd na Hilla Becher, mume na mke wa Ujerumani, walitumia miongo mingi kupiga picha za minara ya maji, matanuri na mitambo ya migodi, na walipenda siku za mawingu kwa makusudi, kwa kuwa bila vivuli vikali kila bati, kila bomba na kila msumari huonekana sawasawa. Mji wa viwanda chini ya mawingu ya Julai ni kazi iliyokwisha kuandaliwa. Piga matangi ya maji juu ya mapaa ya Ruiru, yale meusi na yale ya bluu, moja baada ya jingine, kwa umbali ule ule na urefu ule ule. Yapange pamoja ukimaliza. Utashangaa yalivyo tofauti.

Vifaa visikusumbue. Simu inatosha kwa karibu yote niliyoyataja. Futa lenzi kwa kitambaa kabla ya kila picha, kwa sababu mfukoni imekusanya mafuta ya vidole. Usivute picha kwa vidole viwili. Sogea kwa miguu. Gusa skrini mahali penye mwanga mkali na ushushe mwangaza kidogo, anga isije ikawa nyeupe tupu. Ukiwa na pesa za kamera, tafuta ya mtumba yenye lenzi moja ndogo isiyovuta, ya milimita 35 au 50. Lenzi ndefu ya kupigia watu kutoka mbali iache kwa wapiga picha wa mpira. Mtaani inakufanya uonekane mpelelezi, na kwa kweli utakuwa mpelelezi. Karibu na steji funga kamba ya simu mkononi na usisimame mgongo ukiwa barabarani, kwa sababu kuna bodaboda wanaopita na kunyakua.

Jambo gumu ni watu, na hapa nitakaa kidogo.

Mkaguzi wa ardhi, kanjo, dalali, mtu wa mikopo, mtu wa kampeni: wote hawa hufika mtaani na simu mkononi na kupiga picha, na baada yao huja shida. Kwa hiyo mama mboga anapokukazia macho hajakuchukia. Anakumbuka siku aliyobomolewa kibanda. Ukimjibu kwamba ni picha tu, umethibitisha kila alichokiogopa. Mwanzo mzuri ni kununua kitu bila kuitoa kamera. Siku nyingine, ukishajulikana kidogo, mambo huenda hivi:

“Habari ya asubuhi, mama.”

“Nzuri, kijana. Nyanya leo?”

“Nyanya, na dhania ya kumi. Mama, mimi huishi hapo nyuma ya kinu cha unga. Ninapiga picha za barabara hii yetu, nizitoe kwenye karatasi. Naweza kupiga meza yako?”

“Meza, ama mimi?”

“Meza kwanza. Wewe ukipenda.”

“Na hiyo picha unaipeleka wapi?”

Swali hili la mwisho ndilo mtihani, na lazima uwe na jibu la kweli kabla ya kutoka nyumbani. Kama utaiweka mitandaoni, sema. Kama hujui, sema hujui na kwamba utamuuliza kabla ya kuitoa. Akikataa, nunua nyanya zako na umshukuru. Kesho pita na umsalimie vile vile, ili ajue salamu haikuwa ya kutafuta picha.

Kwa mtaa mzima, kuna watu wa kuwaona kwanza. Nenda kwa wazee wa Nyumba Kumi, na kama mradi ni mrefu, upite ofisini kwa chifu ujitambulishe. Kwenye nyumba za kupangisha muone msimamizi wa ploti, kwa kuwa ua wa ndani si barabara; kamba za nguo unazoziona kutoka getini ziko nyumbani kwa watu. Nenda na picha chache zilizokwisha kuchapishwa. Karatasi hueleza nia yako kuliko kitambulisho.

Sheria nayo uijue, japo kwa juu. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, na ibara ya 33 inakupa uhuru wa kujieleza, ikiwamo sanaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa zake binafsi. Ina nafasi ya uandishi wa habari na sanaa, lakini usiitumie nafasi hiyo kama mwavuli wa kila kitu: ukitumia picha ya mtu kutangaza biashara bila idhini yake umeivunja sheria. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ruhusa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kiasi hicho kinanunua kamera nyingi. Kwa watoto msimamo wangu ni mkali kuliko wa sheria: usimpige mtoto uso kabla ya kuongea na mzazi wake, hata kama watoto wenyewe wamekuzunguka wakipiga kelele wakitaka picha. Na watakuzunguka.

Kambi za jeshi, magereza na vituo vya polisi viache kabisa. Thika ina kambi, Ruiru ina chuo cha askari wa magereza, na bunduki haisikilizi maelezo ya sanaa. Droni pia iache, isipokuwa umeisajili kwa mamlaka ya usafiri wa anga na kupata idhini zinazotakiwa. Ukitaka mahali pa juu, panda daraja la waenda kwa miguu la Thika Road. Ni la umma, halina kiingilio, na kutoka hapo unaona steji, paa za vibanda, kanisa la mabati na mkondo wa watu wanaorudi kutoka Nairobi. Ila usisimame katikati ya njia ukazuia watu walio na haraka ya kufika nyumbani.

Kuhusu Kiandutu, na mitaa mingine ya mabanda, nina neno la ziada. Ni rahisi mno kupiga mtaro wa maji machafu, mtoto peku peku kando yake, na kuondoka na picha ambayo mtu wa mbali ataisifu. Picha hiyo imekwisha kupigwa mara elfu, Kibera na kwingineko, na haijasema jambo jipya tangu ya kwanza. Mtaro upo na usiufiche. Lakini huyo anayeishi mbele ya mtaro amepamba ukuta wake kwa kalenda na vitambaa vilivyofumwa, amepanga vikombe, ana redio iliyofunikwa kitambaa cheupe. Muulize angependa apigwe wapi. Wengi watasema ndani, mbele ya hivyo vitambaa, wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Mpige hivyo alivyotaka. Kisha, kama atakubali, mpige vile ulivyomkuta. Ziweke mbili pamoja na mtazamaji atapata kitu cha kufikiria.

Wa kujifunza kwake katika hili ni David Goldblatt wa Afrika Kusini. Mwaka 1982 alichapisha kitabu kuhusu Boksburg, mji wa wazungu wa kawaida pembeni mwa Johannesburg, enzi za ubaguzi wa rangi. Hakuna ghasia humo, hakuna risasi. Kuna watu dukani, nyumba, bustani, mashindano ya warembo wa miguu ndani ya duka kubwa, na watazamaji weusi wamesimama humo humo wakitazama. Ubaguzi wote umo, bila mtu yeyote kuinua mkono. Boksburg kwa Johannesburg ni kama Thika kwa Nairobi: mji wa kazi ulio karibu na jiji, ambao jiji haliutazami. Angalia pia alivyoandika chini ya picha zake: nani au nini, mahali gani, mwaka gani. Maneno makavu kama ya karani, hakuna hata moja la kukwambia uhuzunike.

Fanya hivyo nawe. Kila jioni, kabla ya kulala, andika kwenye daftari: tarehe, jina la barabara au la duka lililo karibu, nani yumo kama amekubali jina litajwe, na mahali ulipokuwa umesimama. Hili la mwisho watu hulisahau. Andika “mgongo kwenye nguzo ya stima iliyo mbele ya kinyozi, nikitazama upande wa reli,” ili mwakani usimame pale pale. Simu hukuwekea tarehe yenyewe, lakini simu huibiwa, na picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza tarehe hiyo. Weka nakala mahali pawili, pamoja na diski au kadi iliyo nyumbani kwa mtu mwingine. Usifute picha unazoziona mbaya mwaka wa kwanza. Picha ya mchoro wa saluni uliyoipita bila kuijali itakuwa ndiyo picha pekee ya jengo hilo baada ya kubomolewa.

Kisha chapisha. Studio za picha za paspoti mjini Thika na Ruiru zitakutolea za ukubwa wa postikadi kwa bei ya soda au chini ya bei ya chai na chapati mbili. Toa za watu kwanza, kabla ya zile unazozipenda mwenyewe, na uzipeleke kwa mkono. Usitume kwa simu tu. Mtu akipewa karatasi huiita familia, na ndipo utasikia yale ambayo hungeambiwa: kwamba kibanda hicho kilianzishwa na mama yake, kwamba hapo palikuwa na mti, kwamba anahama mwisho wa mwezi kwa sababu kodi imepanda. Shosho atatoa picha yake ya zamani kutoka chini ya godoro, ile iliyopigwa na mpiga picha wa Jumapili. Omba ruhusa uinakili papo hapo, mbele ya mlango, kwenye mwanga. Ukiweza kupata za namna hiyo kutoka nyumba kadhaa za kichochoro kimoja, umeshapita kiwango cha mpiga picha. Umeanza kumbukumbu za mtaa ambazo kaunti yenyewe haina.

Zionyeshe mtaani kabla ya kuzionyesha kwingine. Zibandike ukutani kwa kinyozi ukimwomba, au ukumbi wa kanisa siku ya harambee, ziachwe wiki nzima, na kalamu ining'inizwe kando ili watu waandike majina na kukusahihisha. Watakusahihisha. Nakala moja ya seti nzima, yenye maelezo yake, ipeleke maktaba. Thika ina maktaba ya umma, nenda ukaongee na wahudumu uone watakachokubali kutunza.

Usingoje Desemba wala kamera mpya. Mibuni iliyobaki kando ya barabara unayopita inang'olewa mwaka huu huu, na mwenye ploti hatakupigia simu kukuambia siku.